Baridi ya Watu Wengine

Sori hatuna majira ya baridi. Tuna mvua ndefu, tuna mvua fupi, na katikati tuna jua ambalo likipiga mabati saa saba mchana hata kuku hutafuta kivuli chini ya mtumbwi. Ukiona mtu amevaa sweta hapa, ni asubuhi ya Julai na upepo unatoka ziwani, na kufikia saa tatu ashaivua. Lakini kuanzia mwezi wa tisa, kila mwaka, baridi ya watu wengine hutufikia. Huja kwa mabawa. Hukaa kwenye waya wa stima, hutembea kati ya miguu ya ng'ombe, huchokora matope pale akina mama wanapooshea vyombo. Mwezi wa nne, huko kwao kukishapata joto, huondoka.

Sori iko Karungu, kaunti ya Migori, ukingoni mwa ziwa ambalo ramani huliita Victoria na sisi huliita Nam Lolwe. Ni ziwa la zaidi ya kilomita mraba 68,000, na Kenya ina kama asilimia sita tu ya hizo. Ukisimama ufukweni lakini, asilimia sita ni bahari.

Nilirudi hapa nikiwa mwaka wa tatu chuoni Nairobi, karo ilipokataa kupatikana. Nikajenga simba. Kwa Wajaluo simba ni nyumba ya kijana ambaye hajaoa. Yule mwingine wa manyoya mwachie Maasai Mara. Wenzangu wengi wa rika langu wako Nairobi, wengine Qatar, wengine Saudia. Kwa hivyo swali ninaloulizwa zaidi hapa kijijini, hata kabla ya salamu kuisha, ni "Unarudi lini?" Ati kurudi. Kana kwamba hapa nimesimama tu kungoja gari.

Kazi yangu ni kuandika makala za intaneti. Nalipwa kwa idadi ya maneno, na jina langu halitokei popote. Nimeandika kuhusu bima ya magari, kuhusu mbwa wenye mzio, kuhusu namna ya kuchagua godoro. Halafu mwezi mmoja wa Novemba ikaja kazi ya maneno 1,200: raha ya kutazama ndege wakati wa baridi ukiwa nyumbani kando ya ziwa. Ziwa lenyewe liko kaskazini na huganda. Maagizo yalisema niandike kama mtu anayeishi hapo.

Basi nikaandika, jasho likinitoka chini ya mabati, ziwa langu likiwa mita mia tatu kutoka mlangoni. Nikamshauri msomaji avae glavu mbili, abebe chai kwenye thamosi, aweke karanga na mafuta kwenye kijisahani ili robin wasife njaa. Kulikuwa na sehemu ya kueleza ndege ambao hawaonekani msimu huo. Niliandika aya tatu. Zikafutwa zote, ikabaki sentensi moja: mbayuwayu huenda Afrika. Kituo.

Nilipotoka nje niliwakuta hao mbayuwayu, kwa Kijaluo opija, juu ya waya unaoleta stima kwa jirani. Nikawahesabu, arobaini na kitu. Sentensi ya mteja ilikuwa imeishia hapa kwetu, na kuanzia hapa hakuna aliyetaka kujua kinachoendelea.

Kinachoendelea ni hiki. Saa kumi na mbili asubuhi maboti ya omena yanarudi na taa zao. Akina mama wananunua, wanaanika kwenye nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na mama yangu ni mmoja wao. Kwa masaa matatu yanayofuata kazi yake ni kugeuza omena na kupigana na ndege. Mwewe huja kwa kasi, anyakue, apae. Kongoti husimama kando kama askari jela aliyestaafu, akijua kuna kitu kitaanguka. Yangeyange, ambao sisi huwaita okok, huingia kwa miguu kama wanunuzi. Hao wote ni wenyeji. Mama anawatukana kwa majina.

Wageni hawamsumbui. Kitwitwi wa kaskazini hutembea ukingoni mwa maji akitingisha mkia kama mtu anayesikiliza wimbo peke yake. Yule mwembamba wa tumbo la manjano hufuata ng'ombe, na kila kwato likitua wadudu wanaruka naye anawadaka. Opija nao hula wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa wingu, wale ambao ukiwaona kwa mbali unadhani kuna mtu anachoma kitu majini. Opija mzima ana uzito wa kama gramu ishirini, na amekuja maelfu ya kilomita kula chakula ambacho sisi tunakipunga kisituingie mdomoni.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa huenda wapi. Mwaka 1555 askofu mmoja Mswidi, Olaus Magnus, alichapisha kitabu kule Roma ambamo alieleza kwamba mbayuwayu hulala chini ya maji wakati wa baridi, na kikawekwa picha ya wavuvi wakivuta wavu uliojaa samaki na mbayuwayu. Nilipoiona hiyo picha kwenye simu nilimwonyesha mama. Akaitazama kwa jicho la kazi. "Hao wavuvi wangekuwa wa hapa," akasema, "wangeuza."

Halafu kuna korongo wa 1822. Alipatikana karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki umepenya shingo yake, na mkuki huo ulikuwa wa Afrika. Alikuwa amechomwa huku na akaruka nao mpaka kule. Walimuua, wakamkausha, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock na mkuki wake. Vitabu vinamtaja kama ushahidi wa mapema kabisa kwamba ndege huhama kwenda bara jingine. Mimi huwa namfikiria aliyerusha. Mtu fulani wa bara letu, mahali fulani, alikosa kitoweo siku hiyo, akapoteza na mkuki. Wasomi wakapata jibu walilolitafuta karne nyingi. Jina lake halimo popote. Sisi waandishi wa kulipwa kwa maneno tunamwelewa.

Nilipoanza kutazama vizuri, niligundua kwamba kwenye ule waya si opija wote ni wageni. Kuna wanaotaga chini ya paa la jirani, wanajenga kikombe cha matope, na hawaendi popote. Wana wekundu mwingi zaidi kifuani, tumbo lao ni la kijivu, na hawana zile nyuzi ndefu za mkia. Januari hukaa pamoja na wa Ulaya kwenye waya mmoja, bega kwa bega. Ukiuliza kijiji kizima, opija ni opija. Hakuna anayemuuliza yeyote kati yao anarudi lini.

Mambo yakachanganyika zaidi nilipokwenda kwa mjomba. Yeye anakaa bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, nje ya ua wa Mbuga ya Ruma. Mbuga yenyewe ni ndogo, kilomita mraba 120, na wengi huijua kwa korongo. Hapa Kiswahili kinacheza na sisi, kwa sababu korongo huyu ana pembe na miguu minne. Ni yule swala mkubwa ambaye Kenya nzima amebaki Ruma peke yake. Lakini mwezi wa nne Ruma hupata mgeni mwingine, mbayuwayu wa buluu iliyokolea, anayeruka chini chini juu ya nyasi. Huyu hatoki Ulaya. Anataga kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Malawi, Zimbabwe, mpaka Afrika Kusini, na kule baridi yao inapoanza yeye huja huku. Wamebaki wachache duniani, kwa kuwa nyasi anazozihitaji zimelimwa au kupandwa miti.

Kwa hivyo ziwa hili hupokea baridi mbili. Wa kaskazini wanaondoka mwezi wa nne, wa kusini wanaingia mwezi huo huo. Kwa bahati ni mwezi ule ule uvuvi wa omena hufungwa, mpaka mwisho wa Julai, na mama hukaa nyumbani. Nilimwambia mjomba kwamba opija wa Ulaya hukaa kule miezi kama mitano tu. Miezi mingine yote yuko huku au yuko njiani. "Sasa kwao ni wapi?" akauliza. Nikasema wanahesabu pale anapotaga. Mjomba akacheka. "Basi wewe huna kwenu bado, mpwa wangu. Oa kwanza."

Ningependa kuishia hapo, kwenye kicheko. Lakini shamba letu lina mwisho, na mwisho wake ni mafunjo.

Mafunjo ni yale matete marefu yenye kichwa kama ufagio, na yetu yanaanzia chini ya mhogo mpaka majini. Mama hukata kidogo ya kusuka mikeka. Vifaranga vya samaki hujificha humo. Mei 2020, ziwa lilipopanda na kuvunja rekodi ya 1964, maji yalipita juu ya ufukwe na kula maboma ya watu, lakini kwetu mawimbi yalifika yamechoka, kwa sababu yalikuwa yamepigana na mafunjo kwanza. Na humo ndani anaishi ndege mmoja mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye taji la manjano. Kwa Kilatini ni Laniarius mufumbiri. Hahami. Maisha yake yote ni mafunjo, kando ya ziwa hili na vinamasi vya jirani. Mafunjo yakiisha, hana Ulaya ya kurudi.

Mwaka jana alikuja jamaa anayetaka kukodisha ile sehemu. Afyeke, aweke pampu, apande nyanya na tikitimaji. Pesa aliyotaja ilitosha karo ya dada yangu ya miaka miwili ya sekondari. Mama alinisikiliza nikieleza habari ya vifaranga, mawimbi na yule mwekundu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo peke yake ilinitia wasiwasi. Kisha akasema, "Wewe ulitoka shule kwa sababu ya karo. Sasa niambie, hao ndege wako watalipia huyu mtoto?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na simu yenye salio la makala mbili ambazo hazijalipwa.

Tulikodisha nusu, ile ya juu iliyo kavu kidogo. Sitadai ni ndege walioshinda ile nusu ya pili. Jamaa mwenyewe alipima akaona maji ni mengi mno. Walifyeka kwa panga siku nne, wakachoma, na harufu ikakaa kwenye nguo wiki nzima.

Kilichofuata ndicho ambacho sikutarajia. Mwezi wa kumi wageni walipofika, walikuja kwa wingi kuliko nilivyowahi kuandika kwenye daftari. Matope wazi, mifereji, ng'ombe wa jirani wakipita: hiyo ndiyo meza wanayoipenda. Kitwitwi kumi na wanane kwa asubuhi moja. Wale wa tumbo la manjano wakijaa kati ya mistari ya nyanya. Mtu angekuja na darubini Januari, mwezi ambao ndege wa majini huhesabiwa duniani kote, angeandika kwamba mahali hapa panaendelea vizuri, na takwimu zake zingekuwa za kweli kabisa.

Lakini yule mwekundu huimba wawili wawili, dume akipiga mluzi na jike akimjibu papo hapo, na huwezi kumhesabu kwa macho kwa sababu hatoki nje. Zamani nilikuwa nikisikia jozi tatu nikiwa kitandani, kabla boti hazijarudi. Sasa nasikia moja, kwa mbali, upande wa majini, pampu ikiwa imezimwa.

Dada yangu yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita alirudi na ripoti nzuri, akaketi nje na mama wakigeuza omena, na mama alikuwa akimfukuza mwewe kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu baba afariki, sauti ya mtu ambaye deni limemtoka mgongoni. Hiyo nayo nimeiandika kwenye daftari, chini ya kitwitwi.

Mkataba wa ile nusu unaisha mwakani, na jamaa ameshauliza kuhusu iliyobaki, maana sasa ana pampu kubwa zaidi. Dada atakuwa amebakisha mwaka mmoja. Kila jioni nafanya hesabu: maneno mangapi, kwa bei gani, kwa miezi mingapi, ili mama asilazimike kuchagua. Juzi mzee mmoja alinikuta ufukweni, akanisalimia, akauliza unarudi lini. Nilimwambia nina kazi hapa.