Tumbaku Katika Mwaka wa Maradhi

Msomaji, ukisikia kwamba maradhi ya mapafu yameenea duniani, huenda ukadhani kuwa biashara ya kwanza kufa ni ile inayouza moshi. Mimi pia nilidhani hivyo. Nataka kukueleza niliyoyaona tangu mwaka 2020 hapa Karen, magharibi ya jiji la Nairobi, ninakofundisha, na ninayoyakumbuka ya kwetu Kuria, katika Migori, nilikozaliwa. Ukimaliza kusoma utapima mwenyewe kama dhana yangu ilikuwa sawa.

Kwanza nikiri jambo moja: mimi ni mtoto wa tumbaku. Baba yangu aliilima, mama yangu aliyatunga majani yake vijitini, na ada yangu ya shule ililipwa kwa fedha yake mpaka nikafika chuo cha ualimu. Asubuhi za umande tulichuma majani mabichi kwa mikono mitupu. Jioni tuliona kizunguzungu, tukatapika, tukalilaumu jua. Miaka mingi baadaye nilisoma kuwa ile ilikuwa sumu ya nikotini, ambayo hutoka katika majani yaliyolowa ikapenya ngozi. Miti ya kilima chetu nayo iliingia katika tanuri la kukaushia tumbaku, mmoja baada ya mwingine, hata kuni za kupikia zikawa za kununua. Sisemi haya kwa kuwalaumu wazazi wangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama ili mimi nisimame.

Karen ni mahali pa nyumba kubwa zilizojificha nyuma ya nyua ndefu. Kila lango lina bawabu wake, na kila bustani ina mtunzaji. Wengi wa watu hao hutoka Kibera, Dagoretti na Ngong. Hao ndio waliokuwa wateja wa mama mmoja aliyeweka meza yake kando ya barabara ya Ngong. Aliuza njugu, peremende, na sigara moja moja, ingawa sheria ya tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara pungufu ya kumi. Lakini mwenye ujira wa siku hununua kwa siku, na mama yule aliijua mifuko ya wateja wake kuliko alivyoijua sheria.

Tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Kenya. Baada ya siku chache shule zilifungwa, na tarehe 27 kafyu ikaanza, tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mabaa yalifungwa. Watumishi wengi waliambiwa wabaki kwao. Siku moja ya Mei nilipita mezani pa yule mama, nikaona malimau na tangawizi mahali palipokuwa na sigara.

"Mwalimu," aliniambia, "barakoa imefunga midomo, na mdomo uliofungwa hauvuti sigara. Wewe hukuzipenda sigara zangu. Basi leo furahi."

Sikufurahi. Malimau yalimpa unga, lakini hayakumpa kodi ya nyumba. Niliona kuwa pigo lililokusudiwa na akili yangu kuangukia tumbaku lilikuwa limemwangukia mtu aliyeiuza kwa shilingi chache.

Tumbaku yenyewe ilikuwa na maisha marefu kuliko nilivyofikiri. Afrika Kusini ilipiga marufuku uuzaji wa sigara tangu mwisho wa Machi hadi katikati ya Agosti 2020. Sigara hazikutoweka; zilihamia gizani, zikauzwa kwa siri na kwa bei kubwa. Huko Ufaransa, mwezi wa Aprili, palizuka dhana kwamba nikotini huenda ikamkinga mtu na korona, na serikali ikalazimika kuwawekea watu kiasi cha kununua dawa zenye nikotini wasije wakazikimbilia. Mwezi wa Mei Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba mvutaji anayepatwa na korona yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Ungetazamia hesabu za viwanda zianguke baada ya maneno hayo. Sivyo. British American Tobacco Kenya, yenye kiwanda hapa Nairobi, ilitangaza kuwa faida yake ya mwaka 2020 ilizidi ile ya mwaka 2019. Maradhi yaliipindua meza ya kando ya barabara, lakini kiwanda hayakukitikisa.

Januari 2021 shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote, nilikuta katika dawati moja kikopo cha duara, kidogo mno, nikadhani ni cha peremende. Ndani yake mlikuwa na vifuko vyeupe vyenye harufu ya mnanaa. Vilikuwa vifuko vya nikotini, ambavyo huwekwa baina ya ufizi na mdomo. Havitoi moshi, na mtu aweza kuvitumia akiwa amevaa barakoa mbele ya mwalimu wake. Bidhaa ya namna hiyo iliingia Kenya mwaka 2019 ikiwa imesajiliwa kama dawa, na Oktoba 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema kuwa usajili huo haukuwa halali. Wakati sisi tulipokuwa tukinawa mikono, tumbaku ilikuwa ikibadili nguo.

Niliwaonya wanafunzi wangu kwa maneno makali. Nilipokwisha, msichana mmoja alisimama kwa adabu, akauliza: "Mwalimu, kama ni sumu, mbona ulitwambia kuwa baba yako aliilima ukasoma?"

Darasa lilinyamaza, nami nilinyamaza pamoja nalo. Jibu sikulipata siku ile. Nililipata baadaye, nilipowapeleka wanafunzi katika nyumba ya makumbusho ya Karen Blixen, ambayo haiko mbali na shule yetu. Nchi yote iliyoizunguka nyumba ile ilikuwa shamba la kahawa. Mahali palikuwa pa juu mno, pa baridi kwa mkahawa, na bei duniani ilipoanguka shamba likashindwa kabisa, mwenyewe akaondoka mwaka 1931. Leo pana nyumba, bustani na shule. Nikajisemea moyoni kwamba ardhi haikufunga ndoa na zao moja.

Kuria nako dalili hiyo imeonekana. Mwaka 2022 serikali ya Kenya, pamoja na Shirika la Afya Duniani, Shirika la Chakula na Kilimo, na Mpango wa Chakula Duniani, walianza Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Ndugu yangu alipanda maharagwe katika shamba la baba. Fedha aliyopata msimu wa kwanza haikuwa nyingi. Lakini hakukata mti hata mmoja, na watoto wake walikula walichovuna. Tumbaku haikutupa hata kijiko kimoja cha mboga.

Basi nilimjibu yule msichana: "Baba alilima lililokuwapo kulimwa. Ada aliyonilipia ilikuwa ya kuninunulia uchaguzi ambao yeye hakuupata. Nikinyamaza juu ya sumu ile, nitakuwa nimekula jasho lake bure."

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Juma lile lile sigara zilirudi mezani pa yule mama, kando ya malimau. Nilipozitazama alicheka, akasema: "Mwalimu, mimi huuza kinachonunuliwa."

Msomaji, sijasikia hotuba iliyonifundisha zaidi ya maneno hayo. Maradhi makubwa yalipita yasiing'oe tumbaku, kwa kuwa mizizi yake imo katika mkono wa anayenunua na katika njaa ya anayelima. Mkulima apewe zao jingine la kumlisha, na kijana aupitishe mkono wake juu ya sigara achukue limau. Meza ile ingali pale barabarani, na wewe ndiwe mteja wake wa kesho.