Chumba cha Mionzi si Stoo

Wanangu mnaobaki kazini hapa Karatu, nanyi mnaohudumia wagonjwa kule juu Ngorongoro,

Mimi ndiyo nastaafu. Mengi mtajifunza wenyewe. Hili moja nawausia: chumba cha eksirei kisigeuzwe stoo. Najua hospitali zetu zina ufinyu wa nafasi. Fundi wa dari akimaliza kazi huomba kuacha mabomba ya jukwaa na mirunda yake nyuma ya mlango wetu "mpaka wiki ijayo". Hiyo wiki huwa mwaka. Mara yanafuata maboksi, ngazi, kitanda kibovu, na macho yanazoea.

Mlango ule una bati la risasi ndani. Bomba likiuzuia usifunge barabara, mionzi inayotawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa inamfikia mama aliyekaa benchi la nje na mtoto mgongoni. Sisi wa kazi hii kikomo chetu ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka; mwananchi wa kawaida ni 1 tu. Tena sisi tuna vipima mionzi kifuani, vinavyosomwa Arusha kwenye Tume ya Nguvu za Atomiki. Yule mama hana.

Aproni za risasi nazo zitunzeni. Usiikunje, usiitupe juu ya kiti. Itundike kwenye mwambaa mnene, maana ikikunjwa tabaka la risasi hupasuka ndani kwa ndani na kitambaa cha juu kikabaki kizuri kabisa. Ipapase kwa kiganja kuanzia mabegani kushuka. Ukigusa bonde au uvimbe, ilaze mezani uipige picha kwa mashine yetu hiyohiyo. Ufa utauona mweusi. Aproni yenye ufa ni mbaya kuliko kukosa aproni, kwa sababu anayeivaa anajiamini.

Wenye vinu vya nyuklia nao wana shida hii ya vitu kuachwa ndani. Ndani ya jengo la zege linalofunika kinu, huwa wanaacha kinga za risasi na majukwaa ya mafundi, ili watu wasipate mionzi zaidi kwa kuyaingiza na kuyatoa kila mara. Ni hoja nzuri. Lakini kila kinachobaki hukaguliwa na kufungwa, tetemeko lisije likakiangusha juu ya mitambo. Mwaka 1992, katika kinu cha Barsebäck nchini Sweden, mvuke uliovuja ulibandua sufi iliyofunika mabomba, nayo ikaziba machujio ya maji ya kupozea ya dharura. Sufi tu, wanangu.

Msiseme hayo ni ya mbali. Tumejenga ukingoni mwa Bonde la Ufa. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga upande wa mlima Gelai, likasikika hadi Nairobi, na Septemba mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Rafu isiyokazwa ukutani, juu ya mgonjwa aliyelala mezani asiyeweza kuinuka, ni hatari ya kweli hapa kwetu.

Basi Jumatatu, kabla ya mgonjwa wa kwanza, toeni kila kisichohusika humo ndani. Kinachohusika kitundikwe au kikazwe. Na fundi akija tena kuomba pa kuweka mabomba yake, mkatalieni kwa heshima, hata kama ametumwa na mganga mfawidhi.