Mkasi wa Daktari, Tupa ya Sonara

Duka la ami yangu lilikuwa Sokomuhogo, kwenye kichochoro kisichopitika kwa gari, ambacho vespa ilikiingia ikipiga honi tangu mbali. Lilikuwa duka la sonara. Meza yake ya mvule ilikatwa nusu duara mbele ya kila kiti ili fundi aisogelee kazi mpaka kifuani, na chini yake ilitundikwa ngozi ya mbuzi ya kupokea chenga za dhahabu. Juu ya meza palikuwa na fuawe ndogo, tupa za kila namna, koleo, jiwe la kunolea lililokolea mafuta, na taa ambayo ndimi zake za moto ami alizipuliza kwa mrija wa mdomoni. Nasema habari za mwanzo wa miaka ya tisini. Wageni walikuwa wameanza kumiminika Mji Mkongwe, nyumba za kale zikigeuzwa hoteli, na biashara ya pete na vikuku ikapata pumzi. Lakini kazi ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya chuma, iliingia dukani imefungwa katika kitambaa cha kijani, na mwenye nayo alikuwa daktari wa macho.

Alikuwa mtu wa Unguja, amesomea macho Bara, KCMC ya Moshi, na alikuja baada ya sala ya alasiri. Aliufungua mzigo wake taratibu. Mlikuwa na vibano ambavyo ncha zake hazionekani sawasawa bila miwani ya kukuzia, waya wa kupanulia kope, vishikio vya sindano, na mkasi mdogo usio na matundu ya vidole. Mkasi ndio uliomleta. Springi yake ilikuwa imelegea, na makali yalitafuna badala ya kukata.

“Fundi, huu ukiagizwa mpya unatoka Ulaya, na watu wanangoja. Unaweza kuutazama?”

“Kuutazama naweza,” ami akajibu. “Kuugusa, mpaka uniambie unakata nini.”

Daktari akaomba karatasi. Akachora jicho kwenye ile karatasi nyekundu ya kufungia pete, na mimi, mtoto wa madrasa niliyekuwa nafagia duka kila jioni, nikasimama na ufagio mkononi nikisikiliza. Jicho la mtu mzima, alisema, lina upana wa kama milimita 24. Konea, kile kioo cha mbele, katikati yake ina unene wa nusu milimita hivi. Nyuma ya mboni kuna lenzi, nayo imo ndani ya kifuko mfano wa utando wa ndani ya ganda la yai, ila chembamba zaidi kwa mbali sana: igawe milimita moja mara 1,000, chukua sehemu 4, huo ndio unene wake kwa upande wa nyuma. Lenzi ikishaingia ukungu, ndiyo huo mtoto wa jicho. Kazi ya daktari ni kuutoa ukungu na kukiacha kifuko cha nyuma kizima, maana kikipasuka ule ute wa ndani ya jicho husogea mbele na mambo huharibika.

Ami alikuwa amefua dhahabu nyembamba maisha yake yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini mkasi hauna matundu. Daktari akamweleza kwamba mkasi wa cherehani hufunguliwa kwa vidole, na kila unapofungua, mkono mzima hutikisika. Huu wa jicho hujifungua wenyewe kwa springi, daktari kazi yake ni kubana tu. Hushikwa jinsi mtu anavyoshika kalamu, mpini ukalala baina ya kidole gumba na cha shahada. Urefu wake ni sentimita 10 mpaka 12, kwa sababu juu ya mkono kuna hadubini, na mpini mrefu ungeigonga.

Asubuhi yake nikatumwa Darajani, kwa wauza nyama, nilete macho ya mbuzi. Daktari mwenyewe aliyatumia kufundishia wanafunzi wake, na ami alitaka kuusikia mkasi unavyokata kabla hajauharibu kwa kubahatisha. Alikaa na miwani ya kukuzia jichoni, akakata kidogo kidogo pembezoni mwa konea, akisimama kila hatua. Akagundua kwamba makali yalikutana vizuri kwenye shina na kwenye ncha, ila katikati yaliachana kwa upenyo ambao jicho la kawaida halioni. Mkasi mzuri lazima makali yake yapokezane kutoka shina mpaka ncha bila kuruka hata nukta moja. Akaukunja ubapa mmoja kwa nyundo ya mbao, mapigo mepesi kabisa, akaunoa kwa jiwe, akajaribu tena kwenye jicho jingine. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko mkufu wa harusi.

Baada ya hapo kitambaa cha kijani kikawa hakikosekani dukani.

Kuna jambo moja lililomgharimu ami kulijifunza. Alinyoosha ncha za kibano zilizopinda, na kwa kuwa ni sonara akakisugua mpaka kikang'aa kama kioo. Daktari akakirudisha kwa upole. Chini ya hadubini taa ni kali, akasema, na mng'aro wa chuma unamrudia machoni asione anachoshika. Mtu aliyesifiwa miaka yote kwa kung'arisha sasa alitakiwa kufubaza. Akachukua msasa laini, akakisugua upande mmoja tu bila kubadili mwelekeo, mpaka chuma kikawa na rangi ya mawingu ya kusi. Nilimwona akikigeuza kwenye mwanga, na ninaamini ndiyo siku aliyoanza kuipenda kazi ile kwa ajili yake yenyewe.

Walibishana pia. Hewa ya kisiwa hiki ina chumvi, na maji yanayotumika kuoshea jicho wakati wa upasuaji nayo ni ya chumvi. Yakikaukia kwenye ungio la kifaa huacha vitobo vidogo, na kutu huanzia humo. Ami alitaka kila ungio litiwe tone la mafuta, kama afanyavyo fundi yeyote. Daktari akakataa katakata. Vifaa husafishwa kwa mvuke wa moto mkali, na mvuke haupenyi mafuta. Palipo na mafuta mdudu husalimika, na mdudu akiingia ndani ya jicho, jicho limekwenda. Wakamaliza kwa kukubaliana hivi: vioshwe mara moja kwa maji yasiyo na chumvi hata chembe, vikaushwe mpaka ndani ya maungio, na ami alilainishe kila ungio liteleze bila kuhitaji mafuta. Vibano vilivyoshika sumaku, ambavyo sindano iling'ang'ania badala ya kuachia, tulivipeleka kwa fundi saa wa jirani. Alikuwa na koili yake ya umeme ya kuondolea sumaku kwenye saa. Unakipitisha kifaa ndani yake, unakivuta taratibu, basi.

Bibi yangu, mamake ami, ndiye aliyenifanya nielewe tofauti ambayo kifaa huleta. Jicho lake la kulia lilipasuliwa zamani, lenzi ikatolewa, na badala yake akapewa miwani minene. Aliona, alhamdulillahi, lakini dunia ilikuwa imemkaribia kuliko ilivyo. Nyumba yetu ina ngazi za Mji Mkongwe, za mawe na zenye mwinuko mkali, na bibi alizishuka kwa kuzipapasa kwa nyayo, kwa sababu kila kidato kilionekana kikubwa na karibu zaidi ya mahali kilipo. Chai aliimimina pembeni ya kikombe. Akivua miwani ile, hakubaki na kitu ila rangi. Ukungu wa jicho la kushoto ulipokomaa, daktari wetu alimtilia lenzi ya plastiki ndani ya kifuko kilekile chembamba. Alipofunguliwa bendeji, bibi alitazama kwanza mikono yake mwenyewe, akauliza, “Mikono hii ni yangu?” Wiki hiyohiyo alishuka ngazi akinikemea kwa vumbi nililoliacha kwenye kona.

Lenzi hiyo ina historia inayonigusa kila nikiifikiria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley alitibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki kutoka kwenye vioo vya ndege zao. Akaona kwamba jicho halikuikataa plastiki ile jinsi linavyokataa vitu vingine. Tarehe 29 Novemba 1949, London, akaanza kuweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa. Wakubwa wa fani yake walimpinga kwa miaka mingi. Sisi tulichojua Sokomuhogo ni kwamba bibi ameacha kumwaga chai.

Ami naye alipenda historia ya mbali zaidi. Daktari alimsimulia habari za Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013 akiacha kitabu chenye michoro ya vifaa vya upasuaji karibu 200, na za Ammar bin Ali wa Mosul, aliyefanya kazi Misri zama hizohizo, akabuni sindano yenye uwazi ndani ya kuufyonza mtoto wa jicho. Sindano ya bomba miaka 1,000 iliyopita! Ami alitaka kujua tundu lake lilitobolewa vipi. Swali hilo alikufa nalo, na mimi ninalo mpaka leo.

Leo mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali, na kuna mji mmoja ninaoutaja kila ninapofundisha vijana. Sialkot, Pakistan, ndiko inakotoka sehemu kubwa ya vifaa vya upasuaji vinavyotumika duniani. Mafundi wa huko walikuwa wahunzi. Zama za Waingereza, hospitali ya wamisionari iliwapelekea vifaa vilivyoharibika watengeneze. Wakatengeneza, wakaiga, wakabadilisha, na hatimaye wakauza nje. Naukumbuka mkono wa ami kila nikiisoma habari hiyo. Hakupungukiwa na kitu walichokuwa nacho wao, isipokuwa wingi wa maombi. Mteja wake alikuwa daktari mmoja. Laiti madaktari wa pwani nzima, Mombasa mpaka Mtwara, wangekuwa na masonara wa kuwauliza unakata nini, leo tungekuwa tunaandika majina yetu kwenye mipini. Nalisema hilo kwa uchungu, na sioni kwamba muda umepita.

Karibu na mwaka 2005 daktari alikuja na makala kutoka Lahan, Nepal. Huko daktari Albrecht Hennig alikuwa akitoa mtoto wa jicho kwa sindano ya kawaida, namba 30, iliyokunjwa ncha ikawa ndoana. Unaipitisha chini ya kiini cha lenzi, unainasa, unaivuta taratibu kupitia mlango mdogo uliokatwa kwenye weupe wa jicho. Mlango huo hujifunga wenyewe bila uzi. Sindano ni ya bei ndogo na ipo kila mahali. Ami, mtoto wa mvuvi wa Nungwi, aliichukua ile picha akacheka kwa furaha. Lakini aliona tatizo haraka: kila daktari akikunja kwa mkono wake, kila ndoana itakuwa na pembe yake. Akatengeneza kalibu ya shaba njano, kipande cha kuingia mfukoni, chenye mfereji wa kulaza sindano na kisiki kidogo cha kuikunjia. Ukikunja mara ya kwanza au ya mia, pembe ni ileile, na kalibu yenyewe inavumilia mvuke.

Ilitumika miaka. Kisha Desemba 2009 umeme ukakatika kisiwa kizima, haukurudi mpaka Machi 2010, na ami, mzee sasa, akahamishia meza mlangoni afanye kazi kwa mwanga wa jua. Katika kipindi hicho daktari alikuja na mwanafunzi wake, msichana wa Makunduchi, na akampisha aseme.

“Shikamoo, babu. Mimi natumia mkono wa kushoto. Ndoana ikitoka kwenye kalibu hii inaniangalia upande siutaki.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Tuseme mgonjwa kalala, unishikie hii.”

Akampa njiti. Msichana akakaa kwenye kigoda, mahali anapokaa daktari, kichwani mwa mgonjwa, akaonyesha anavyoingia na anavyogeuza kifundo. Ami akamfanyisha tena na tena, akipima kwa uzi kutoka kidole gumba mpaka ncha. Akaamua kutengeneza kalibu ya pili iliyogeuzwa, na kutia alama kwenye kila moja ili nesi asizichanganye. Alitaka kuchora herufi. Msichana akasema herufi hazisomeki kwa mtu aliyevaa glovu na macho yake yako kwenye hadubini. Afadhali mikwaruzo mitatu ya kina upande mmoja, pale kidole gumba kinapoangukia. Ami akaniambia nilete tupa ya pembe tatu.