Kutoka Gahini hadi Nyamata: Ukristo wa Jina na Ukristo wa Kweli

Msafiri atokaye Tanzania kwenda Rwanda kwa barabara huvuka Mto Kagera pale Rusumo. Maji huporomoka kwa kishindo kwenye miamba, na ukishavuka, magari huanza kushika mkono wa kulia. Hapa ndipo watu wapatao 250,000 walipovuka kwa muda wa kama siku moja tu, mwishoni mwa Aprili 1994, wakikimbilia Ngara na watoto mgongoni na magodoro kichwani.

Sisi tulivuka kwa amani. Tulikuwa akina mama wachache, na nia yetu ilikuwa kuona mahali pawili. Pa kwanza ni Gahini, ambako uamsho ulitokea. Pa pili ni Nyamata, ambako watu waliuawa ndani ya kanisa. Mahali hapa pawili pako katika nchi moja, tena katika jimbo moja la mashariki. Ndiyo maana tulitaka kupaona pamoja.

Kilima cha uamsho

Gahini iko kilomita chache kaskazini ya Kayonza, juu ya Ziwa Muhazi. Ziwa ni refu na jembamba, linajipinda kati ya vilima vyenye migomba. Juu kilimani kuna kanisa kuu la Anglikana na hospitali iliyoanzishwa na wamisionari miaka ya 1920.

Katika hospitali hiyo alifanya kazi daktari Mwingereza, Joe Church. Mwaka 1929 alikwenda Kampala akiwa amechoka na kukata tamaa. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Baadaye Yosiya Kinuka, kiongozi wa wasaidizi pale hospitalini Gahini, naye alimtembelea Nsibambi. Alieleza jinsi mambo ya hospitali yalivyokuwa mabaya. Nsibambi hakumhurumia. Alimwambia kwamba ubaya ule ulitokana na dhambi iliyokuwa moyoni mwake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Pamoja nao alikuwako Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mwalimu kijana aliyefariki Januari 1936, wakati moto ule ulipokuwa umeanza kuwaka.

Tafadhali angalieni jambo moja. Watu hawa hawakuwa wapagani. Walikuwa wamebatizwa, walijua nyimbo, na wengine walilipwa mshahara na misheni. Uamsho ulianza kwa watu wa kanisani kugundua kwamba walikuwa na jina tu.

Na walijulikanaje kwamba wamebadilika? Si kwa kulia kanisani, ingawa wengi walilia. Walirudisha vitu walivyoiba. Walilipa madeni yaliyosahauliwa na wenyewe. Waliungama mbele ya watu waliowakosea, waume kwa wake zao, Wazungu kwa Waafrika. Wahutu na Watutsi waliitana ndugu. Kutoka hapo uamsho ulienda Uganda na Kenya, ukafika Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika. Bibi zetu wengi waliokoka kwa sababu ya kilima hiki.

Kanisa lenye matundu

Kutoka Gahini tulipitia Kigali, tukashuka kusini kuelekea Bugesera. Njiani tulivuka Mto Nyabarongo. Maji yake ndiyo yanayokwenda kuwa Kagera, yale tuliyoyaona Rusumo. Mwaka 1994 mto huu ulibeba maiti hadi Ziwa Victoria.

Kanisa la Nyamata ni jengo la matofali, la kawaida kabisa, kama makanisa mengi ya parokia zetu. Mwaka 1992 Watutsi wa eneo hili walikimbilia humo wakati wa ghasia. Kwa hiyo Aprili 1994 walikimbilia tena, wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haitaguswa. Wauaji walikuja na maguruneti, bunduki na mapanga. Watu wapatao 10,000 waliuawa ndani na kandokando ya kanisa. Bati lina matundu ambayo mwanga hupenya. Nguo za waliouawa zimehifadhiwa, na kitambaa cha altare kina madoa ya damu. Siku hizi hapasaliwi tena. Ni mahali pa kumbukumbu, na mwaka 2023 UNESCO ilipaweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Tulisimama kimya. Kati ya nguo zile zimo za watoto wadogo, na kila mama alijua kwa macho ni za umri gani.

Sensa ya 1991 ilionyesha kwamba karibu watu tisa katika kila kumi nchini Rwanda walikuwa Wakristo. Kwa hiyo wengi waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi waliowaua pia. Hakuna aliyeuliza cheti cha ubatizo. Kilichoangaliwa ni kitambulisho kilichoandikwa kabila. Wala si dhehebu moja tu, kwa maana makanisa mbalimbali yalikuwa na watu wao pande zote mbili. Machi 2017 Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Wanawake wawili

Nje ya kanisa la Nyamata tulionyeshwa kaburi la Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeishi hapo miaka mingi. Mwaka 1992, Watutsi walipokuwa wakiuawa, alipiga simu kwa redio za nje akaueleza ulimwengu. Aliuawa kwa risasi kwa sababu hiyo.

Na Gisenyi, magharibi ya nchi, alikuwako Félicitée Niyitegeka, Mhutu aliyejitoa kwa kazi ya kanisa. Mwaka 1994 aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka kwenda Zaire. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Alikataa kuwaacha watu aliokuwa nao, akauawa pamoja nao. Leo ni mmoja wa mashujaa wa taifa wa Rwanda.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wanawake hawa walisali Baba Yetu ile ile waliyosali wauaji. Tofauti ilionekana jirani alipobisha mlango.

Tunarudi nyumbani

Akina mama wapendwa, Yesu alikwisha kusema katika Mathayo 7 kwamba si kila amwitaye Bwana ataingia katika ufalme. Tujifunze nini basi?

Kwanza, imani hairithiwi kama shamba. Kati ya uamsho wa Gahini na damu ya Nyamata ilipita miaka sitini tu, yaani umri wa bibi na wajukuu zake. Bibi aliyeokoka hawezi kumwamini Yesu kwa niaba ya mjukuu.

Pili, chuki haikuanza na panga. Ilianza na maneno, na mengine yalisemwa mezani, watoto wakisikiliza. Tunasemaje nyumbani kuhusu kabila la jirani, au la mchumba wa kijana wetu? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tatu, imani ya kweli hupimwa kwa mambo madogo kabla ya makubwa. Watu wa Gahini walianza kwa kurudisha vitu vya watu. Je, msichana wa kazi amelipwa mshahara wake wote? Chenji iliyozidi dukani imerudishwa? Yule mama tusiyesalimiana naye katika kikundi, tumekwenda kwake?

Jumapili hii tutavaa vitenge vyetu vya umoja wa akina mama, na ni vizuri. Lakini kabla ya Jumapili ziko siku sita, na jirani yuko mlangoni.