Kutoka Majivu hadi Unga wa Bati

Huku Mahango, milimani wilayani Kasese, Uganda, utotoni, kila jiwe jeupe lililotoka kijitoni tuliliita marumaru. Tulilisugua kwa majani ya mti wa msasa, yale yale ambayo maseremala walilainishia viti, tukaongeza majivu ya jikoni, na jiwe likabaki kama lilivyokuwa. Mengi yalikuwa kwatsi. Tone la ndimu lingetuambia mapema: marumaru ni jiwe la chokaa lililogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhi, ndimu ikiigusa hutoa povu dogo. Kwatsi haina habari nayo. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatsi iko 7, na kalsaiti, madini yaliyojenga marumaru, iko 3. Msumari unaichora. Hapo ndipo mambo yote ya kung'arisha yanapoanzia.

Marumaru ya kweli niliipata ukubwani, mjini Kasese, nyumba za vigae zilipoongezeka na makaburi nayo yakaanza kufunikwa kwa mawe yanayong'aa. Nyuma ya karakana vipande vilitupwa tu. Niliviomba, nikavipandisha mlimani kwa bodaboda. Mashine sikuwa nayo. Msasa mweusi wa maji niliupata kwa wauza vipuri, maana ndio wanaoutumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari: 220, 400, 600, 1000. Kila namba ilipobadilika nilimwaga maji, nikanawa mpaka chini ya kucha. Chembe moja tu ya 220 ikivuka hadi kwenye 1000 huacha mchirizi ambao hujitokeza siku unapodhani umemaliza.

Baada ya msasa, kwa miaka mingi nilimalizia kwa dawa ya meno. Msicheke. Dawa nyingi za meno zina unga laini wa chokaa au wa silika, na ule wa chokaa hauwezi kuichubua marumaru kwa kuwa ni ndugu yake. Jiwe lilitoka laini, likanukia mnanaa, lakini mng'ao wake ulikuwa wa kinyonge. Ukilielekeza dirishani uliona mwanga. Dirisha lenyewe hukuliona.

Aliyenifungua macho ni fundi wa sakafu za terazo niliyemkuta Bwera. Alikipangusa kipande changu kwa kidole gumba, akasema, "Mwalimu, hili umelipaka mafuta tu. Jiwe la chokaa linataka asidi." Akanifungia kwenye karatasi asidi ya oksaliki, chembechembe nyeupe. Alinifundisha kuitumia kidogo mno, kwenye kitambaa chenye unyevu, pamoja na unga wa kung'arishia. Asidi hiyo hushikana na kalsiamu ya jiwe, ikaacha juu utando mwembamba usioyeyuka kirahisi, na utando huo ndio unaosuguliwa ukang'aa. Kazi ya saa nzima ikawa ya dakika chache. Lakini ni sumu, na kwa macho huwezi kuitofautisha na chumvi. Katika wilaya inayochimba chumvi Katwe, na kwenye nyumba yenye wajukuu, niliona karatasi ile haina mahali pa kukaa. Mafundi wa sakafu wana haki ya kuitumia. Mimi nafanya kwa kujifurahisha, sina haraka.

Mpwa wangu ndiye aliyeniletea oksidi ya bati, unga mweupe ambao wang'arishaji wa marumaru wameutegemea tangu zamani. Nilicheka niliposoma kwamba kasiterite, ile inayochimbwa Bisie huko Walikale, ng'ambo ya mpaka wetu, kwa kemia ni kitu hichohicho. Usijaribu kuiponda, hata hivyo: madini ghafi yana uchafu, na chembe zake kubwa zitalilima jiwe. Siku hizi natumia zaidi oksidi ya alumini iliyo laini sana. Ni rahisi kuipata, na kwenye marumaru nyeupe sioni tofauti ya kunifanya nigharamie bati. Oksidi ya seriamu nawaachia wenye vioo na kwatsi.

Kilichobadilisha kazi yangu kuliko unga wowote ni ngozi ya mkanda mkuukuu niliyoigundisha kwenye ubao. Kitambaa kinene huzama kwenye kalsaiti laini na kuacha madini magumu yakichomoza, uso ukawa mawimbi. Ngozi iliyokazwa hailegei.

Unga mwekundu wa masonara, ambao kwa kweli ni kutu iliyosagwa, niliuweka kando kwa muda mrefu, kwa sababu huingia kwenye vinyweleo vya marumaru nyeupe na kuiachia madoa ya waridi. Sasa umepata kazi. Nina vipande vya jiwe la chokaa la Muhokya, vya kahawia, vyenye vitundu vingi. Unga mweupe ukiingia humo hubaki kama nukta za chaki. Ule mwekundu hupotea kabisa.