‘Steve’ alikuwa mama: Aliandika programu za kompyuta huku akimlea mtoto mwenye usonji

Simu ya mteja ilipolia nyumbani kwake, Stephanie Shirley aliwasha kwanza kinasa sauti. Kwenye kanda kulikuwa na mlio wa mashine ya kupiga chapa, uliorekodiwa makusudi ili mtu wa upande wa pili adhani amepiga kwenye ofisi yenye makatibu muhtasi. Ukweli ni kwamba alikuwa nyumbani, kijijini nchini Uingereza, na kelele aliyotaka isisikike ni ya mwanawe mchanga, Giles.

Ilikuwa miaka ya 1960. Hakukuwa na intaneti, na kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Mzazi wa leo anayejibu barua pepe za kazini huku akinyonyesha ataielewa hali hiyo, ila huyu hakuwa na hata kompyuta ya kutumia.

Stephanie alipenda hesabu tangu utotoni, na utoto wenyewe haukuwa mwepesi. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, baba yake akiwa jaji Myahudi. Julai 1939, akiwa na miaka mitano, alipandishwa treni na dada yake wa miaka tisa, wakapelekwa Uingereza bila wazazi wao ili wasiangukie mikononi mwa Wanazi. Walilelewa na familia wasiyoijua. Wazazi wao walinusurika, lakini Stephanie alisema baadaye kuwa hakuweza tena kuwa karibu nao kama zamani.

Shule ya wasichana aliyosoma haikufundisha hesabu kwa kiwango alichokitaka, hivyo ilibidi apangiwe kuhudhuria masomo hayo kwenye shule ya wavulana. Alipofikisha miaka 18 aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill jijini London, akajifunza kuunda kompyuta na kuziandikia maelekezo ya namba, lugha pekee ambayo mashine za wakati ule zilielewa. Jioni alikwenda darasani, miaka sita mfululizo, hadi akapata shahada ya hesabu. Hukohuko Dollis Hill ndiko alikokutana na Derek Shirley, mwanafizikia, wakafunga ndoa mwaka 1959.

Kilichomkera kazini ni dari lililowekwa juu ya wanawake. Aliipenda kazi, lakini kupanda hakupandi. Mwaka 1962 akaacha ajira, akaanzisha kampuni yake ya kuandika programu kwa mtaji wa pauni 6, mezani kwake nyumbani. Watu walimcheka, kwa sababu wakati ule programu zilitolewa bure pamoja na mashine. Nani angelipia kitu kisichoshikika?

Barua alizowaandikia wakubwa wa makampuni hazikujibiwa. Mumewe akamshauri asitie sahihi ya Stephanie bali Steve. Majibu yakaanza kuja, na wateja walishituka tu pale ‘Bwana Steve’ alipoingia mlangoni akiwa amevaa gauni. Jina hilo lilimganda maisha yote.

Wafanyakazi aliowatafuta walikuwa wanawake wenye ujuzi walioacha kazi baada ya kuolewa au kupata mtoto. Kila mmoja alifanya kazi nyumbani kwake, kwa saa alizoweza. Waliandika programu kwa penseli kwenye karatasi, mtoto akiwa amelala, kisha karatasi zikatumwa kwa posta kwenda kwenye kituo chenye mashine, ambako zilitobolewa matundu kwenye kadi ili kompyuta izisome. Kosa moja dogo lilimaanisha kusubiri posta tena. Katika mazingira hayo, kundi la wanawake hao liliandika programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa watatu tu. Mwaka 1975 Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia, na kampuni iliyoanzishwa kuwainua wanawake ikalazimika kufungua milango kwa wanaume. Yeye mwenyewe alikuwa akilisimulia hilo kama kichekesho.

Nyumbani hakukuwa na kichekesho. Giles alizaliwa mwaka 1963, mtoto mzuri na mtulivu. Alipokaribia miaka miwili na nusu, maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea, asizungumze tena. Aligunduliwa kuwa na usonji, tena wa kiwango kizito. Enzi hizo wapo wataalamu waliodai kuwa usonji husababishwa na mama asiye na upendo kwa mtoto wake. Dai hilo limeshakataliwa na sayansi, lakini fikiria uzito wake kwa mama aliyekuwa pia akiendesha kampuni. Mzazi akiona mtoto anapoteza maneno aliyokwisha kuyajua, asisubiri kuambiwa kwamba “atazungumza tu”, ampeleke hospitali.

Giles alipobalehe alikuwa mkali na mwenye nguvu, na kifafa kikaongezeka juu ya usonji. Mama yake alifika mahali akaelemewa, akalazwa hospitali yeye mwenyewe. Kijana naye akawekwa hospitalini, akakaa huko miaka mingi. Simulizi nyingi za wanawake waliofanikiwa hukiruka kipande hiki, au hukipa mstari mmoja. Stephanie hakukificha. Alisema kazi ndiyo iliyomshikilia, kwa sababu alipokuwa kwenye programu, akili ilipata pa kupumzikia. Hakusema kwamba ilimponya mtoto.

Kampuni ilikua hadi ikaingia soko la hisa. Kwa kuwa alikuwa amewagawia wafanyakazi sehemu ya umiliki, 70 kati yao wakawa mamilionea. Alistaafu mwaka 1993, akiwa na miaka 60, na fedha nyingi alizopata akazitoa, sehemu kubwa ikienda kwenye utafiti na huduma za usonji. Taasisi ya kwanza aliyoianzisha ilikuwa ya kuwapatia watu wenye usonji makazi ya kawaida nje ya hospitali, na mkazi wake wa kwanza alikuwa Giles.

Giles alifariki ghafla mwaka 1998, usiku, kwa degedege la kifafa. Alikuwa na miaka 35. Wakati huo mama yake alikuwa katikati ya maandalizi ya Prior's Court, shule ya bweni ya watoto wenye usonji. Ilifunguliwa mwaka uliofuata. Stephanie aliishi hadi Agosti 2025, akiwa na miaka 91.