Kutoka Nakivale, kwa Mwalimu wa Michezo

Mbarara, Uganda

Mwalimu,

Nilivuka mto Kagera pale Murongo, nikatokea Kikagati upande wa Uganda, na kuanzia hapo barabara inapanda na kushuka kwenye migomba ya Isingiro mpaka unaingia Mbarara. Ndio mji uliokuwa ukitusimulia, jinsi redio ilivyotangaza mapema mwaka 1979 kwamba wanajeshi wetu wa Tanzania wameutwaa. Leo ni jiji kamili, tangu Julai 2020. Maziwa ni mengi, matoke ni mengi, na bodaboda hazikupi nafasi ya kufikiri unapovuka barabara.

Unajua kilichonileta. Nataka kuona vijana wa huku wenye vipaji vya michezo wanavyotafutwa, nani anawatazama na anatazama nini. Mbarara ni mahali pazuri pa kuuliza, kwa sababu ngazi zote ziko karibu. Kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989. Ipo klabu ya Mbarara City, iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2017 na nyumbani kwake ni uwanja wa Kakyeka. Na ukishika njia ya Isingiro, baada ya mwendo wa lami na kisha vumbi, unafika Nakivale.

Nakivale usiifikirie kuwa kambi yenye uzio na lango. Ni nchi pana ya vilima vikavu na ziwa, yenye vijiji, masoko, misikiti na makanisa, na watu wake ni zaidi ya laki moja na nusu. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, kwa hiyo ni katika makazi makongwe kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Sasa wengi ni Wakongo, wakifuatiwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Familia hupewa kiwanja cha kujenga na kulima kidogo, na sheria ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Sokoni nilikuwa nyumbani kabisa: Kiswahili ndicho kinachouza nyanya, kinachosuluhisha ugomvi na kinachotangaza mechi. Ila ni kile cha Kivu, kwa hiyo mara kwa mara ilinibidi nisikilize mara mbili.

Uwanja niliokwenda una nyasi pembeni tu, kwani katikati zimeisha kwa kukanyagwa. Vijana walikuwa wanacheza Kongo kwa Burundi, kama walivyozoea, ingawa kila upande ulikuwa na mchanganyiko. Mmoja alinishika macho. Kiungo wa mguu wa kushoto, mwembamba, mfupi kuliko wenzake wote. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshageuza shingo kulia na kushoto, na ukimfika anajua pa kuupeleka. Ulitufundisha kutazama shingo ya mchezaji kabla ya kutazama miguu yake, na nilikukumbuka sana jioni ile. Kijana hakufunga bao, hakumpiga mtu chenga ya kushangiliwa. Mtu aliyekuja kutazama dakika ishirini angeondoka bila kumwona.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kocha wao ni mzee kiasi kutoka Kivu Kusini, vijana wanamwita Papa. Alinieleza kwamba msimu uliopita alikuja mtu wa timu fulani ya mjini, akakaa kipindi kimoja, akachukua namba ya simu ya beki mrefu kuliko wote, akaondoka. "Aliangalia urefu tu," Papa akaniambia. "Huyu mudogo, nani atamuona?" Beki yule alikwenda kwenye majaribio, akarudi baada ya siku chache, na sasa hachezi tena.

Mwalimu, hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana nimeliwaza jambo hili tangu siku ile. Simlaumu yule mtu kwa kutazama urefu. Mwenye alasiri moja hana kingine cha kupima. Kimo kinaonekana, mbio zinaonekana, nguvu inaonekana. Kusoma mchezo, kuvumilia kupigwa benchi, kujirekebisha baada ya kosa, hayo yanaonekana kwa miezi. Tofauti kubwa kati ya kijana wa Nakivale na kijana wa chuo kikuu ni muda anaopewa wa kutazamwa.

Chukua mfano wa Khaman Maluach. Vijana wa huku wanamjua, hata wale wasiocheza kikapu. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006. Familia yake ikakimbilia Uganda, akakulia Kawempe, Kampala. Mpira wa kikapu alianza mwaka 2019 tu. Kilichomfanya aonekane mwanzoni kilikuwa kimo, hilo halina ubishi, kwani sasa ana zaidi ya mita 2.15. Lakini angalia kilichofuata. Alipelekwa kwenye akademia ya NBA kule Senegal, akacheza Ligi ya Kikapu ya Afrika akiwa bado mtoto wa miaka 15, na mwaka 2024 akaichezea City Oilers ya Kampala kwenye ligi hiyo hiyo. Mwaka huo huo akaivalia Sudan Kusini jezi kwenye Olimpiki ya Paris. Kisha chuo kikuu cha Duke, Marekani, msimu mzima. Juni 2025 alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaishia Phoenix Suns.

Sasa sikiliza hili. Aprili 2025, kwenye nusu fainali ya mashindano ya vyuo, Duke walifungwa na Houston 70 kwa 67, na Maluach, mrefu kuliko karibu kila mtu uwanjani, hakupata ribaundi hata moja. Jioni mbaya kabisa, tena mbele ya nchi nzima. Kama wapimaji wangekuwa na jioni ile tu, wangemfuta. Walikuwa na mechi nyingine zaidi ya thelathini za msimu ule, mazoezi, maneno ya makocha, na kumbukumbu za miaka mitatu minne kabla yake. Kwa hiyo jioni mbaya ikabaki kuwa jioni mbaya. Kijana wa Nakivale akiharibu siku ya majaribio, siku hiyo ndiyo faili lake zima.

Wamarekani na Wakanada wameupa muda huu mfumo kamili kwenye hoki ya barafu. Kwa miongo mingi timu ya NHL, ligi yao kuu, imeweza kumchagua kijana wa miaka 18, ikashika haki zake, halafu ikamwacha chuoni hata miaka minne. Anasoma, anacheza hasa Ijumaa na Jumamosi, siku nyingine anajenga mwili, na timu inatuma watu wamtazame anavyokua. Kwenye kikapu cha vyuo hakuna subira ya namna hiyo, kwa kawaida ukichaguliwa umeondoka chuoni. Naona watu wa hoki walielewa jambo: ukimchagua mtu wa miaka 18 unabahatisha, basi heri ujipe muda wa kujua kama umepatia.

Lakini hata wao hukosea. Kanada watoto wa hoki hugawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, na mwaka unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari. Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba timu za juu zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Mtoto wa Januari amemzidi mwenzake wa Desemba karibu mwaka mzima. Kwa watoto wa miaka kumi hiyo ni tofauti ya mabega na kifua. Makocha wakadhani wanachagua kipaji, kumbe wanachagua miezi. Mwaka 2013 ukachapishwa utafiti mwingine, uliokwenda mbali zaidi. Wachezaji waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka walikuwa wakichaguliwa na NHL chini ya thamani yao, na kwa nafasi ile ile ya uteuzi, uwezekano wao wa kufika mbali katika kazi ulikuwa karibu mara mbili ya wale wa mwanzo wa mwaka. Watu wenye fedha zote zile na wapimaji kila mji waliendelea kudanganywa na ukubwa wa mwili.

Nikamweleza Papa habari hiyo, akanyamaza, kisha akaleta karatasi za usajili za wachezaji wake. Wengi wao wamezaliwa tarehe 1 Januari. Familia inafika kutoka Kongo usiku, imepoteza kila kitu, karani anauliza tarehe ya mtoto, mama anakumbuka mwaka na msimu wa mvua, basi inaandikwa Januari mosi. Mpimaji wa klabu akiona orodha ya namna hiyo anaanza kushuku umri wa wote. Na ulimwengu wa mpira una sababu ya kushuku. FIFA hutumia picha za sumaku za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 tangu mwaka 2009 kwa sababu ya udanganyifu uliokuwepo. Lakini hawa hawakudanganya. Walihesabiwa haraka, basi.

Kuna pia kanuni ya 19 ya uhamisho ya FIFA. Mchezaji chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni za kibinadamu. Na hata asiyewahi kusajiliwa popote, kama si raia, kanuni inauliza kama ameishi nchini miaka mitano mfululizo. Iliwekwa kuwalinda watoto wasiuzwe, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila inamtaka mtoto awe na ushahidi wa maisha yake. Hapa Nakivale nimegundua jambo la kutia moyo: ushahidi huo upo. Serikali ya Uganda na UNHCR waliwahakiki wakimbizi wote kwa alama za vidole mwaka 2018, na karatasi ya familia inaonyesha waliomo katika kaya. Kocha anayejua kuisoma karatasi hiyo na kuifotokopi anaweza kujibu maswali mengi ya klabu kabla hayajaulizwa.

Waganda wenyewe wana njia fupi kuliko ya Wamarekani, na mimi naipenda. Ni shule. Tazama St. Mary's Kitende na Vipers, shule na klabu chini ya Lawrence Mulindwa. Mvulana anaonekana kila siku darasani na uwanjani kwa miaka, na akikomaa mlango wa klabu uko karibu. Juu yake ikaja ligi ya vyuo vikuu, iliyoanza mwaka 2012, ambapo kijana aliyechelewa kukua anapata nafasi ya pili. Kwa hiyo mlango wa kweli wa yule kiungo wa mguu wa kushoto, naona, si majaribio ya klabu. Ni bursari ya michezo akianza sekondari mjini Mbarara, alale bweni, ale vizuri, atazamwe miaka sita. Kula nakutaja makusudi. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likigawa msaada wa chakula kwa makundi ya uhitaji, kwani fedha hazitoshi, na Papa anasema mazoezi ya asubuhi ameyafuta. Utampimaje mbio mtoto ambaye hajala?

Vijana hawa wana matumaini, tena si ya ndoto tupu. Waliniuliza kuhusu Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma aliyechaguliwa wa saba katika NBA mwaka 2021 na mwaka uliofuata akawa bingwa na Golden State. Waliniuliza kuhusu Awer Mabil, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma na kuichezea Australia. Niliwajibu nilichojua. Niliwaambia pia kwamba wote hao walipata watu waliowatazama kwa muda mrefu, na sikutaka kuwaficha kwamba wengine wengi wenye vipaji hawakupata.

Nimerudi Mbarara kutafuta shule itakayokubali kumwangalia yule kijana, na mwalimu mmoja wa michezo amekubali kwenda Nakivale, tena zaidi ya mara moja, maana nimemsihi asihukumu kwa siku moja. Alichoniomba ni kumbukumbu za maandishi. Papa ana daftari, lakini limeandikwa matokeo tu: nani kafunga, nani kashinda.

Ndipo nikakumbuka zile fomu zako za UMISSETA, mashindano yetu ya shule za sekondari, ulizozichora mwenyewe kwa rula: kimo cha kila muhula, dakika alizocheza, nafasi aliyochezeshwa, alivyofanya baada ya kukosea, na safu ya mwisho ya mahudhurio ya darasani. Tafadhali nitumie moja, hata ya zamani iliyojazwa, ilimradi mistari inasomeka. Mpe kondakta wa basi la Bukoba, nitaipokea huko wiki ijayo nikielekea nyumbani, kisha nitaituma Murongo kwa mtu anayevuka. Papa ameshanunua daftari jipya lenye jalada gumu na anasubiri. Na kama una nafasi, andika pembeni kwa mkono wako ni kwa nini uliweka ile safu ya kosa, maana aliniuliza, nami nikamjibu kwamba ni bora akusikie wewe.

Mwanafunzi wako